Kamusi ya visawe ya Kiingereza: nimeitumia miezi minne, nyota mbili tu

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ntaeleza zimetoka wapi. Nilichukua kamusi ya visawe ya Kiingereza, yale mabuku manene unatafuta neno moja linakumwagia mengine thelathini yanayofanana nalo, sababu nilichoka kuandika big big big kwenye kila imeli mpaka naonekana mtoto wa darasa la nne.

Mwanzoni raha tupu yani. Neno nalolijua nalitafuta, nachukua jirani yake mwenye sura ya kisomi, nabandika, naendelea na maisha. Sasa kuna mwenzetu kazini akawa anaondoka, nikapewa mimi niandike maneno machache ya kumuaga, nataka kusema ni mtu maarufu kwenye fani yake, famous nikaona limechuja, kitabu kikanipa renowned, celebrated, notorious, nikaipenda notorious kwa mlio wake tu. Nikaandika na nikaisoma mbele za watu. Kumbe notorious ni maarufu kwa ubaya, neno la matapeli na majambazi! Mwenyewe alicheka sana, bosi hakucheka. Na kile kitabu hakikuonya popote kwamba neno lina sumu, limekaa zake kwenye mstari na wenzake, koma, linalofuata, koma, linalofuata.

Hapo ndo shida yote ilipo. Slim na skinny zipo fungu moja, ila slim umemsifia mtu na skinny umemwita kimbaombao. Cheap na inexpensive zote bei rahisi, lakini zawadi ya mtu ukiiita cheap umemtukana. Childlike na childish sisi tungesema "ya kitoto" basi, wao moja ni utamu wa roho ya mtoto na nyingine unamwambia mtu mzima akue.

Alafu kuna ambayo hayamtukani mtu ila hayakubali kukaa pamoja. Mvua yao ni heavy, upepo ndo strong, ukisema strong rain watakuelewa ila washajua umejifunzia ukubwani. Big mistake sawa, large mistake hapana, na kwa nini? Hakuna kwa nini. Big sister ni dada mkubwa wa kuzaliwa, large sister umeshamsema mwili na utajua mwenyewe na dada yako. Mtu mrefu ni tall, mlima mrefu ni high. Begin na start watakwambia ni kitu kimoja ila gari unai-start, hakuna mtu anai-begin gari. Haya ni mazoea ya wenye lugha yao, na mimi hayo mazoea ndo nilidhani nanunua.

Tusijione wajinga lakini. Wao wana wash moja, sisi nguo tunafua, vyombo tunaosha, mikono tunanawa, mwili tunaoga, na mgeni akisema amefua uso tunaanguka kwa kicheko. Kila lugha inachambua panapoiuma. Kuna na kinyume chake, kuazima: niazime kalamu, nimeazima kalamu, kitenzi kilekile kinaenda na kurudi, wao anayetoa ana lend na anayepokea ana borrow, ndo mtu anajikuta anasema borrow me your pen. Kamusi ya visawe hapo haikusaidii chochote kabisa, sababu kwao borrow na lend sio visawe, ni visawe kwetu sisi.

Kwa haki lakini, kosa si la kitabu. Aliyeianzisha aina hii ni daktari Mwingereza, Peter Mark Roget, alianza kujiwekea orodha yake mwenyewe 1805, akaja kuichapisha 1852 ana miaka 73, maneno kayapanga kwa wazo, mafungu 1000, sio kwa alfabeti. Hebu fikiria anamwandikia nani. Mtu ambaye Kiingereza anacho chote kichwani, neno linamcheza mdomoni halitoki, akiliona tu anasema lile pale! Mimi sijalisahau neno, mimi silijui, na hatufanani.

Nyota ya kwanza basi inatoka hapo, siku ninapolijua neno na limenipotea, kitabu kinalirudisha fasta. Ya pili ni huo mpangilio wa mawazo, japo unaanzia faharasa ya nyuma alafu ndo unarudi mbele, vidole vinachoka, ila unajikuta umezunguka mtaa mzima wa maneno ya hasira au ya safari.

Kilichoniokoa ni kamusi ya wanafunzi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Hornby aliyetengeneza mojawapo maarufu alikuwa anafundisha Kiingereza Japani, na ilitoka hukohuko kwanza 1942 kabla ya Oxford kuichapisha 1948, yani ilipikwa kwa ajili ya wageni toka siku ya kwanza. Inakwambia hili neno linatembea na nani, na kama ni la dharau inaandika ni la dharau. Siku hizi naokota majina kwenye visawe, alafu kila moja nalipeleka kule nikasome mifano, nisipoona sentensi inayofanana na yangu naliacha lilipo. Inachosha, kweli. Na ile sehemu ya visawe ndani ya programu za kuandikia, unabonyeza neno inakupa orodha, ugonjwa ni uleule, tofauti unaaibika haraka zaidi.

Commence, lile la kisomi la "kuanza", nayo nimeiweka pembeni, ilikuwa inafanya vikao vyetu vya Jumatatu vionekane kama kuapishwa kwa rais. Na big nimeirudia.