TAHADHARI: Muuza watoto wa Shar Pei na "mafuta ya makunyanzi", Kampala

Ndugu zangu mnaofuga mbwa Kampala na Entebbe, kuna muuzaji wa Shar Pei, wale mbwa wa asili ya China wenye ngozi ya makunyanzi, nawaomba mkae naye mbali. Jina silitaji kwa sababu hubadilisha majina na laini za simu. Mtamjua kwa maneno yake.

Ataanza kwa kukuambia huyu ni mbwa adimu kuliko wote duniani. (Hiyo ni habari ya mwaka 1978, kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilipomtaja hivyo. Leo wapo nchi nyingi.) Hatakubali umwone mama wa hao watoto. Wangu nilikabidhiwa kando ya barabara Bweyogerere, ndani ya boksi, nikatuma shilingi 1,800,000 kwa simu. Kadi ya chanjo ingekuja kesho yake na boda. Sijaiona hadi leo.

Mtoto alitoka machozi tangu siku ya kwanza, tongotongo zimeganda, na mwangani anafumba macho kabisa. Nikamtumia muuzaji video. Akajibu: "Macho ya mbegu hii ni madogo, ndiyo uzuri wake." Nikamwamini. Kumbe kope zilikuwa zimejikunja kwa ndani, kila akipepesa nywele zinakwaruza jicho. Tatizo hili huwapata sana Shar Pei, na kwa mtoto daktari anaweza kuzishona kope kwa muda zikae nje mpaka uso ukue. Mimi nilimpeleka baada ya wiki tatu. Jicho la kulia limebaki na kovu jeupe.

Sasa hayo mafuta. Chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, shilingi 60,000, na onyo kwamba usipopaka makunyanzi yatapotea. Jamani, makunyanzi ya Shar Pei hupungua yenyewe anapokua, mengi hubaki kichwani, shingoni na mabegani. Ni ya kurithi. Hakuna mafuta ya kuyazuia yasipungue. Mikunjo inataka ukavu, tena hasa kwetu huku karibu na ziwa, ambako msimu wa mvua hata nguo za kabatini hushika unyevu.

Nilipaka asubuhi na jioni. Siku ya nane nikaufunua mkunjo ulio juu ya pua: ngozi nyekundu kama nyama mbichi, utando wa kahawia unanata kidoleni, na uvundo ulionifanya nigeuze uso. Fangasi. Nilipolalamika akasema napaka kidogo mno, ninunue chupa ya pili. Nikanunua! Ilipoisha nikampigia, akawa ameshanizuia.

Daktari wa mifugo alinionyesha kazi yenyewe kwa dakika tano. Kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, unapita ndani ya kila mkunjo, halafu kitambaa kikavu mpaka usisikie unyevu kidoleni. Poda hapana, ikilowa inakuwa tope. Sabuni ya kufulia hapana. Masikio uyatazame pia, tundu zao ni nyembamba na huchafuka upesi.

Kama una chupa hiyo nyumbani, acha kupaka leo na umpeleke mbwa kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Juzi ameweka tangazo jipya kwa laini nyingine, watoto wanne wa rangi ya mchanga. Ikuzeni ile picha. Wa pili kutoka kushoto amefumba jicho moja, na chini yake manyoya yamelowa.