Chombo gani kihifadhi risasi za bastola? Tunavyovipanga, kuanzia cha kwanza hadi cha kuepuka

Mwenye kibali cha bastola anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ana maadui wawili wa kuwafikiria kabla hajatoa pesa: unyevu na mchanganyiko. Unyevu hula ganda la shaba na kuharibu kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Mchanganyiko hufanya risasi ya kaliba moja (kipimo cha unene wa risasi) iingie kwenye bastola ya kaliba nyingine. Tumevipima vyombo vyote kwa mambo hayo mawili kwanza. Ukubwa na sura ya kijeshi tumeviweka nyuma, ingawa ndivyo vinavyowavutia wengi dukani.

Anza na cheti chako. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinataja pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Mtu aliyeruhusiwa risasi 100 hana sababu ya kununua sanduku la kubeba 1,000. Atabaki na kopo lililojaa hewa yenye unyevu, na risasi chache zinazogongana chini. Kumbuka pia kwamba hakuna chombo hata kimoja hapa kinachochukua nafasi ya sefu au kabati la chuma lenye kufuli. Chombo hulinda risasi, kufuli hulinda watoto na jirani.

Nambari 1: boksi la plastiki lenye matundu, la risasi 50 au 100

Hili ndilo tunalompendekezea mtu wa kawaida. Ni boksi la kifuniko cha bawaba, na kila risasi ina tundu lake. Kampuni ya Marekani MTM Case-Gard imejijengea jina kwa maboksi ya aina hii, lakini wapo watengenezaji wengine wazuri. Faida kubwa ni kwamba ukitazama mara moja unajua zimebaki ngapi. Zipange kitako kikiwa juu: utasoma maandishi ya kaliba yaliyopigwa chapa kwenye kila kitako, na utaona kiwashio kilichotokeza au chenye doa.

Watu wengi hukosea kipimo cha matundu. Risasi ya milimita 9 ina urefu wa karibu milimita 30, wakati risasi za rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ni ndefu zaidi: .38 Special inakaribia 39 na .357 Magnum 40. Boksi la milimita 9 halitafunga likiwa na risasi za rivolva, na boksi la rivolva litaacha risasi za milimita 9 zikicheza na kuzama hata zisishikike kwa vidole. Vinavyoweza kuchangia boksi ni .380 na milimita 9; .38 na .357; .40 na .45. Kuchangia maana yake boksi la aina hiyo linazifaa zote mbili, wala si kuziweka pamoja ndani ya boksi moja. Ganda la .380 lina milimita 17 na la milimita 9 lina 19, na tofauti hiyo ya milimita mbili haionekani haraka kwenye mwanga hafifu. Nunua rangi tofauti kwa kila kaliba, kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kifuniko na ubavuni: kaliba, uzito wa kichwa (sehemu inayoruka), mwezi na mwaka wa kununua.

Ukiwa dukani, fungua na ufunge kifuniko mara kumi. Bawaba nzuri ni utepe mwembamba wa plastiki inayopinda bila kuonyesha mstari mweupe. Ukiona weupe pale inapopinda, boksi hilo litakatika. Kilimi cha kufungia nacho kishike kwa mlio: boksi la risasi 100 za milimita 9 likijaa lina uzito wa karibu kilo 1.2, na likifunguka mkononi utaokota risasi sakafuni moja moja.

Udhaifu wake ni mmoja. Halizuii hewa. Bara, Nairobi au Arusha, hilo si tatizo kubwa. Pwani linahitaji kuwekwa ndani ya chombo cha pili.

Nambari 2: kopo la chuma la jeshi

Yapo ya saizi mbili zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Dogo, linaloitwa la kaliba .30, kwa ndani lina urefu wa karibu sentimita 25, upana wa 9 na kimo cha 17. Kubwa, la .50, lina karibu 28 kwa 14 kwa 18. Yote mawili yana mpira unaozunguka kifuniko, na mpira huo ndio unaoulipia. Nunua dogo. Maboksi kadhaa ya risasi 50 yanaingia humo, na unalibeba kwa mkono mmoja. Kubwa likijazwa risasi 1,000 za milimita 9 lina kilo 12 za risasi, mbali na chuma chenyewe; ukilijaza idadi hiyo ya .45 zenye kichwa cha gramu 15, risasi peke yake zinafika kilo 21, na mgongo utakuambia.

Makopo yaliyotumika yakaguliwe bila haraka. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukirudi, ni mzima, ukibaki na alama au ukionyesha nyufa, umekwisha. Tazama ukingo wa kopo kama umebonyea, kwa sababu hata mbonyeo mdogo huacha hewa ipite. Geuza uone kutu kitakoni. Kisha fanya jaribio la karatasi: funga kifuniko juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Rudia pande zote nne. Kikitoka bila kukaza mahali popote, mpira haushiki hapo. Aliye na nafasi aweke tishu kavu ndani, alikandamize kopo ndani ya ndoo ya maji kwa dakika kumi, kisha aitazame tishu.

Kopo hili lina mtego wake. Chombo kisichopitisha hewa hufungia pia unyevu uliokuwa ndani. Lifunge siku kavu au kwenye chumba chenye kiyoyozi, na uweke mfuko wa silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) wa gramu 10 hadi 20. Na ukilitoa kwenye chumba cha baridi, usilifungue papo hapo kibarazani Mombasa: hewa ya joto ikigusa shaba ya baridi huacha matone ya maji. Liache limefungwa kwa saa moja au zaidi, mpaka lipate joto la nje.

Kwa pwani, nambari 1 ndani ya nambari 2, vyote ndani ya sefu. Hatujaona mpangilio unaoushinda.

Nambari 3: boksi la kiwandani

Ni la bure, lina maandishi yote pamoja na namba ya toleo, na ikiwa risasi zina kasoro utaihitaji namba hiyo. Kwa risasi ndogo za .22 tungeliweka hata juu zaidi, maana vichwa vyake vya risasi vina grisi au nta inayoyeyuka kwenye joto, na trei yake huzuia zisinatane. Shida ni karatasi: hunyonya unyevu na kulainika, na pembe zake hupasuka. Usilitupe hata ukihamishia risasi kwingine. Kata ule upande wenye namba ya toleo uuweke ndani ya boksi jipya.

Nambari 4: sanduku la plastiki lenye umbo la kijeshi

Jepesi, halishiki kutu. Lakini mengi ya bei ya chini hayana mpira kwenye kifuniko, na mpini wake hupasuka kwenye tundu la pini. Likijaa, libebe kwa kushika chini.

Vya kuepuka

Mikanda na mifuko ya ngozi haifai kwa kuhifadhi. Kemikali zilizotumika kulainisha ngozi huitoa shaba kutu ya kijani. Mikebe ya biskuti na mitungi ya jikoni hufichika kwa urahisi machoni pa mkaguzi, lakini haifichiki kwa mtoto. Na popote utakapoweka, usiweke karibu na amonia: baadhi ya dawa za kusafishia, vimiminika vya kutoa shaba ndani ya mtutu, kinyesi cha kuku au cha ng'ombe. Jeshi la Waingereza huko India katika karne ya 19 lilikuta maganda yake yamepasuka yenyewe msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mazizi ya farasi.

Usipake risasi mafuta ya kulegeza nati ukidhani unazikinga. Yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio, na risasi isilie.

Nunua pia boksi dogo moja la ziada. Risasi ya juu kwenye magazini (kibebeo cha risasi cha bastola), ile inayoingizwa chemba, yaani mahali inapofyatuliwa, na kutolewa kila siku, hugongwa kichwa mara kwa mara hadi kinazama ndani ya ganda, na shinikizo lake likifyatuliwa linapanda. Ilinganishe urefu na mwenzake mpya. Ikiwa imefupika hata kidogo, iweke kwenye boksi hilo, liandike "USITUMIE", na uzirudishe kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi.