Vidonge vya magoti, kopo la pili na mawakili wa Houston: nyota 4 kati ya 5

Faili langu kwenye ofisi hii limefungwa baada ya karibu miaka miwili, na niliwaahidi wenzangu wa zamu ya usiku kwamba nitaandika. Ni ofisi ya mawakili wa madai ya majeruhi, upande wa kusini-magharibi wa Houston, ghorofa ya pili, chini yake pana duka la miwani. Jina silitaji. Karatasi ya suluhu niliyotia saini inanikataza kumtaja mwenye duka aliyeniuzia vidonge na yule aliyemuuzia kwa jumla, na mtu akiijua ofisi atawafikia na hao. Ila huduma yenyewe naruhusiwa kuieleza, na nataka ijulikane, kwa sababu wengi wetu tunameza vitu hivi na hatujui pa kwenda vikitudhuru.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina miaka 52, kazi yangu ni kutunza wazee. Kumgeuza mzee mwenye kilo mia, mara nne kwa usiku mmoja, ni kazi inayokula magoti. Kuna duka la vyakula la dada mmoja wa nyumbani, tunakofuata unga wa muhogo, dagaa na tui la kopo. Karibu na mashine ya kulipia alikuwa amepanga vidonge vya mitishamba vya maumivu ya viungo. Lebo ilisema manjano, tangawizi na glukosamini. Dola 25. Siku ya tatu tu nilipanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, nikampigia wifi yangu Tanga kumwambia nimepata dawa.

Nilivimeza miezi saba. Uso ukajaa, ukawa mviringo kama sahani. Kwenye harusi moja watu walinishika mashavu, wakasema Marekani imenikubali. Mikononi nikawa natokwa na mavilio ya damu bila kugongwa popote, na sukari ikapanda. Vyote nikavitia kwenye fungu la umri na kukosa usingizi.

Ramadhani ya 2023 nikaviacha, kwa sababu vilitakiwa kunywewa mchana baada ya chakula. Siku ya nne ya mfungo nikaanguka kazini, chumba cha kufulia. Hospitali wakaniuliza natumia dawa gani. Nikajibu situmii dawa. Sikuwa nadanganya: kwa kichwa changu cha siku ile, dawa ni ile daktari anayokuandikia, na kopo langu lilikuwa mitishamba tu. Siku mbili walihangaika na presha isiyotaka kupanda. Siku ya tatu akaja daktari wa homoni, akaniangalia uso kwa muda, kisha akasema kwa kupitia mkalimani wa simu: usinitajie dawa, nitajie kila kitu kinachoingia kinywani mwako tangu unapoamka. Nikamtajia chai, uji, tende, na kopo.

Kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea, kilikuta karibu hakuna kitu. Alinieleza hivi: mwili ukipewa steroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama homoni hiyo, kutoka nje kwa miezi, zile tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo na kuitengeneza hulala, na ukikata ghafla haziwahi kuamka. Kwa hiyo kama wewe msomaji unameza vidonge vya aina hii sasa hivi, usiviache leo kwa kusoma maneno yangu. Beba kopo, nenda kwa daktari, akupunguzie yeye.

Muuguzi mmoja alinisaidia kuandika taarifa kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, kwenye mpango wao wa MedWatch. Ndiye aliyenionyesha kwamba mwaka 2022 FDA ilikwisha kuonya watu kuhusu vidonge vya jamii ya Artri King, vinavyouzwa kwa maumivu ya viungo: maabara yao ilikuta deksamethasoni, ambayo ni steroidi, pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu, na lebo haikutaja hata moja. Kopo langu lilikuwa na jina tofauti. Lakini uso wangu, sukari yangu na kuanguka kwangu vilifanana mno na niliyoyasoma pale.

Sasa ofisi.

Mazungumzo ya kwanza ni bure, na hulipi chochote usiposhinda. Aliyenipokea ni msaidizi wa wakili, mwanamama wa Kimeksiko, na nyota mbili katika hizi nne ni zake peke yake. Hakuanza na jina wala bima. Aliuliza: kopo liko wapi? Nikamwambia nilikuwa na mawili. La kwanza nimeliosha, naweka iliki. La pili lina vidonge 31. Alifunga kalamu yake akaniambia nirudi nyumbani saa ileile, nisilifungue, nisilifute vumbi, nilitie kwenye mfuko nilete. Nilipolileta alipiga picha nambari ya toleo iliyo chini ya kopo, akaandika tarehe na saa, akanisainisha mimi na yeye mwenyewe, akalifungia kabatini. Alitaka pia risiti. Za karatasi sikuwa nazo, lakini benki ilikuwa na kila malipo ya kadi yangu pale dukani.

Walipeleka maabara huru vidonge 12 tu. Nilikasirika, nikitaka vyote vipimwe jambo liishe. Wakili akanieleza kwamba upande wa pili nao wana haki ya kupima, na tukivimaliza sisi watasema tumeharibu ushahidi. Majibu yalichukua wiki sita: deksamethasoni imo, diklofenaki imo. Glukosamini, kwa habari yenu, ilikuwamo pia.

Wakili mwenyewe ni mtu wa maneno machache, lakini siku aliyonieleza sheria alikaa nami saa nzima, na hapo nilijifunza mambo. Mimi nilidhani kitu kikishakaa kwenye rafu ya Marekani kimekaguliwa. Nyumbani angalau tunajua dawa ya asili inatakiwa isajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, hata kama wauzaji wengi wa sokoni hawajasajili. Huku, kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho vya kumeza havihitaji kibali cha FDA kabla ya kuuzwa. Mamlaka huingia baadaye, watu wakishaumia. Ndiyo maana madai kama yangu yana kazi kubwa.

Akanitolea mfano wa L-triptofani. Mwaka 1989 watu zaidi ya 1,500 nchini Marekani waliugua maumivu makali ya misuli baada ya kumeza kirutubisho hicho, na zaidi ya 30 wakafa. Ilifuatiliwa hadi kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko, na kampuni ikalipa madai mengi. Pale, alisema, kulikuwa na mtu wa kumdai. Kwenye kopo langu kulikuwa na anwani ya nchi nyingine, na barua walizotuma zilirudi bila kufunguliwa. Na Texas, muuza duka ambaye hakutengeneza bidhaa hukingwa na sheria. Kinga hiyo ina matundu yake, na tundu letu lilikuwa hili: mtengenezaji asipoweza kuletwa mbele ya mahakama, muuzaji anaweza kubeba mzigo.

Yaani yule dada wa dukani.

Nililala na jambo hili wiki mbili. Huyu ndiye aliyeleta sufuria kubwa kwenye msiba wa mume wangu, akapika pilau ya watu sitini na hakutaka hata senti. Kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kuchangiana, habari zilifika kabla sijaamua, na mtu mzima mmoja akanipigia simu akaniambia, "Mwanangu, unamla nduguyo." Nililia. Wakili aliponiambia muda wa kufungua dai la kuumia huku Texas ni miaka miwili tu, nilimjibu kwamba miaka miwili ni midogo kwa mtu anayetafuta namna ya kuwaangalia watu wake usoni.

Hapa ofisi ilifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mawakili. Kabla ya kumpelekea barua ya madai, yule msaidizi alikubali nimtangulie kwa mdomo, ila kwanza akaniandikia kwenye karatasi maneno ya kutosema. Nikaenda, nikamwamkia, nikamwambia kilichonipata na kilichokutwa maabara. Alikaa chini kwenye gunia la mchele. Yeye mwenyewe alikuwa akimpa mama yake vidonge vilevile. Jioni hiyo akaviondoa dukani, na baadaye, wakili wa bima yake alipomruhusu, akatoa ankara zote za muuzaji wa jumla aliyemletea. Ankara hizo ndizo zilizoigeuza kesi. Muuzaji wa jumla alikuwa hapahapa Texas, ana maghala, ana bima, na ndiye aliyelipa sehemu kubwa.

Nyota niliyoipunguza ina sababu tatu.

Ya kwanza ni ukimya. Kuanzia barua ya madai ilipokataliwa mpaka kesi ilipofunguliwa, miezi mitano, nilipigiwa simu mara moja. Mgonjwa anayesubiri hana njia ya kujua kama faili lake linatembea au limewekewa kikombe cha kahawa juu.

Ya pili ni hesabu. Mkataba ulisema theluthi moja kabla ya kufungua kesi na asilimia 40 baada ya kufungua. Hilo nililisoma. Ambalo hakuna aliyenifafanulia siku ile ni kwamba baada ya asilimia 40 zinatolewa gharama: maabara, nakala za faili la hospitali, mkalimani, daktari wa kutoa maoni. Kisha bima yangu ya afya nayo ikaja kudai irudishiwe ilichowalipa hospitali. Nawasifu kwa kuishusha bima hiyo hadi karibu nusu ya ilichotaka. Lakini kilichofika mkononi mwangu kilizidi theluthi moja ya jumla kwa kidogo tu, na nilistahili kuchorewa hesabu hiyo siku ya kwanza kwenye karatasi.

Ya tatu ndiyo inayoniuma hadi leo, nayo ni neno dawa. Siku ya kuhojiwa chini ya kiapo waliniwekea mkalimani kwenye skrini, kijana mstaarabu wa Bukavu. Mimi, kama Mswahili yeyote, nilisema "ile dawa ya magoti", "dawa iliisha", "nikanunua dawa nyingine". Yeye akaifasiri kila mara kama dawa ya hospitali. Wakili wa upande wa pili akaniuliza: kwa hiyo ulijua unachomeza ni dawa? Nikajibu ndiyo. Kisha akatoa faili la hospitali, palipoandikwa kwamba mgonjwa anasema hatumii dawa yoyote. Hapo hapo nikawa muongo, mahali pamoja au pengine. Na wakili wangu hakuona kitu, kwa sababu kwa Kiingereza majibu yalikaa sawasawa.

Aliyeona ni binti yangu, maandishi yalipoletwa niyapitie. Una siku 20 za kurekebisha maelezo hayo, na sisi tulikuwa siku ya 14. Nilikwenda ofisini bila miadi nikakaa pale mpaka wakili akatoka. Nikamwambia: kwetu kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi, na zote ni dawa. Nikisema dawa sijasema daktari. Alinisikiliza, hilo namshukuru, akatafuta mkalimani mwenye leseni ya mahakama aliyeandika kiapo kueleza neno hilo moja, kurasa mbili. Mazungumzo ya suluhu yaliendelea baada ya karatasi hiyo. Lakini ningekuwa sina binti aliyesoma?

Upande wa pili walijaribu pia kusema sukari yangu ilikuwa inakuja yenyewe. Daktari wa homoni akawajibu kwa vipimo vyangu vya mwaka wa kabla ya kopo, na hawakurudia.

Sasa bado nameza haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila asubuhi, miligramu 10, na daktari anapunguza polepole. Uso umerudi kuwa wangu. Magoti yanauma kama zamani. Kwa mwenye duka naenda kununua tui, ananiuliza habari za afya, namjibu ukweli. Yule mtu mzima wa simu hatujasemezana.

Ofisi hii naipendekeza kwa mtu mwenye kopo. Kama umekwisha kulitupa watakusikiliza, lakini nimeona kwa macho yangu wakimrudisha mwanamume mmoja aliyekuja na picha ya lebo tu kwenye simu. Nenda na vidonge vilivyobaki, taarifa za benki na orodha ya siku ulizougua. Omba mkalimani wa ana kwa ana siku ya kwanza, ukae naye robo saa mkubaliane dawa ni nini, mitishamba ni nini, kirutubisho ni nini, kabla hujaulizwa chochote. Waambie wakupigie kila mwezi na waliandike hilo kwenye mkataba. Nilipomtuma mwenzangu mmoja waliliandika. Wanafungua saa tatu asubuhi, maegesho ni nyuma ya jengo, na lifti huwa mbovu, kwa hiyo mwenye magoti apige simu akiwa chini na yule mwanamama atashuka.