Kisu cha Kukunja: Tazama Komeo, Makali Baadaye

Kovu liko kwenye pingili ya pili ya kidole changu cha shahada, mkono wa kulia. Tulikuwa ndani ya mashua, tunatoka Lamu kwenda Manda, mshipi wa nailoni wa mvuvi asiyejulikana ukajisokota kwenye rafadha. Ami akazima mashine, akageuka. "Mwanangu, si wewe unatembea na kisu kwenye mkoba?" Naam, nikakitoa kwa maringo. Nikachomeka ncha katikati ya lile fundo, nikasukuma. Kisu kikajikunja. Hakikuteleza, hakikuvunjika, kilijikunja vilevile kinavyokunjwa kila siku, ila safari hii kidole changu kilikuwa njiani. Nyuzi nne, na leso yangu nzuri ikaishia kuwa kitambaa cha kidonda.

Nilikuwa nimekinunua Mombasa kwa shilingi 600. Muuzaji alikata ukurasa wa gazeti hewani mbele ya macho yangu, nikaona makali, nikatoa pesa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakutuambia kikijikunja unakula nini.

Basi makali siyasemi hapa. Makali yanauzwa na jiwe la kunolea, na fundi yeyote atakurudishia. Rangi ya mpini siisemi, uzito siusemi. Ninalotaka ulitazame ni komeo: kile kinacholizuia bapa lisirudi mfukoni mwake wakati mkono wako uko mbele yake.

Visu vingi vidogo havina komeo kabisa. Vina springi mgongoni, ambayo huliegemea bapa na kulishikilia kwa nguvu yake tu. Ukikata embe, mkono unasukuma upande wa makali, na bapa linazidi kufunguka, huna shida. Shida inakuja unapochoma kwa ncha, au mgongo wa kisu unapogonga kitu. Hapo unaisukuma springi nyuma, nayo inakubali. Changu kilikuwa na komeo, tena, na ndiyo maana nilijiamini. Ndani ya mpini kuna bamba la chuma linaloruka pembeni na kusimama nyuma ya kisigino cha bapa. Bamba zuri ni nene, na linaingia vizuri chini ya kisigino. Langu, nilipokuja kulitazama kwa miwani nikiwa nyumbani, lilikuwa jembamba kama kopo la maziwa, na liligusa ukingo tu. Chembe mbili za mchanga zilitosha.

Dukani fanya hivi. Kifungue, hakikisha komeo limeingia. Kishike mpini kwa ubavuni, kidole hata kimoja kisipite mbele ya ule mfereji ambamo bapa hulala. Halafu gonga mgongo wa kisu kwenye ubao wa meza, taratibu, mara mbili tatu. Komeo likirudi, mrudishie mwenyewe. Kisha shika ncha utikise kushoto na kulia; bapa likicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, mrudishie pia. Muuzaji atapiga kelele kwamba unamharibia mali. Mwache apige.

Sasa mpangilio wangu, na sitajifanya sina upande.

Cha kwanza ni Opinel, namba 8, cha bapa lisiloshika kutu. Ni Mfaransa huyu, wa kule milima ya Savoie, na kampuni yake imeanza 1890. Bapa lina urefu wa sentimita 8.5, mpini ni wa mti, na kwenye bapa pamepigwa muhuri wa mkono wenye taji. Lakini mimi kilichoniteka ni pete. Mwaka 1955 waliongeza pete ya chuma shingoni: unafungua bapa, unaizungusha pete kwa kidole gumba, na ule mwanya linamopitia bapa unazibika. Hakuna springi ya kuchoka, hakuna bamba la kuteleza. Ili kisu kijikunje inabidi pete ijizungushe yenyewe. Tangu 2000 pete hiyo inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, yaani hakitafunguka ndani ya mkoba kati ya funguo na poda. Nimekichoma kwenye mafundo ya kamba, nimekipigilia kwenye kifuu, nimekigonga mgongo kwenye jiwe la tumbawe. Kimya.

Kina aibu yake, na wenye kukisifu huwa hawaisemi. Mpini wa mti hunywa maji. Masika ikiingia hapa Lamu, na ule unyevu unaofanya hata chumvi mezani itokwe na jasho, mti unavimba na kulibana bapa. Nilikaa kibarazani nikivuta kwa ukucha mpaka ukucha ukakatika. Wenyewe kule Savoie wana dawa yake: fungua pete, kisha gonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na bapa litachungulia kidogo kama ulimi, ulivute. Niligonga kwenye ukingo wa baraza, tak, tak, likatoka. Ami alicheka hadi akakohoa. Akaniambia nikipake sifa, yale mafuta ya papa, kama wanavyopaka vyombo vya baharini. Nikapaka. Mti ulitulia kweli, lakini mkoba wangu ulinuka papa wiki nzima, na harusini watu walikuwa wananiachia nafasi. Siku hizi napaka mafuta ya nazi kidogo tu, napangusa. Ukitoka Shela, suuza pete kwa maji ya kisima na uikaushe, maana mchanga wa kule unaingia hata mahali ambapo maji hayaingii.

Usije ukachukua kile cha bapa la chuma cha kawaida eti kinanoleka vizuri zaidi. Kinanoleka, ni kweli. Kilaze karibu na dirisha la upande wa bahari usiku mmoja, asubuhi kitakuwa na madoa ya kahawia.

Cha pili ni Okapi, na hapa najua wazee watanigombeza kwa kukiweka nyuma. Wajerumani walianza kukitengeneza 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, baadaye kazi ikahamia Afrika Kusini. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, na mpini una mapambo ya mwezi na nyota. Mgongoni kina kipete kidogo. Bapa linapofunguka lina meno yanayoingia kwenye tundu la springi, unasikia krak, krak, krak, na halirudi mpaka uvute kipete. Komeo lake nalipenda, na ule mlio nao. Ila chuma chake ni cha kutu, kipete kinanasa kwenye buibui, na ribiti, ule msumari unaolishikilia bapa mpinini, ikilegea bapa linaanza kucheza. Hiyo utaitengeneza mwenyewe kwa nyundo ndogo: laza ubavu juu ya chuma, piga kichwa cha ribiti kidogo kidogo, ukijaribu kufungua kila baada ya pigo. Ukizidisha, hakitafunguka tena.

Cha tatu, Victorinox, yule mwekundu wa Uswisi mwenye ngao ya msalaba. Mkasi wake, kile kibano chake, hakuna anayemfikia. Lakini hivi vidogo wanavyonunua watu wengi, vya milimita 91, havina komeo la bapa. Ni springi tu. Ukikitaka, chukua vile vikubwa vya milimita 111 ambavyo vina komeo, na soma maandishi kwenye kisigino cha bapa. Nakala za bandia ni nyekundu vilevile.

Vya shilingi 300 na 600 visivyo na jina: kata mkate.

Sasa bei, na hapa ndipo damu inanipanda kuliko siku ile ya mashua. Opinel yangu nilimwagiza muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba analeta kokote nchini. Shilingi 2,800, nikalipa. Siku ya pili, ujumbe: "Dada, Lamu ni kisiwa, ongeza 700." Nikamwambia kisiwa hiki hakikuhamia hapa jana. Nikaongeza. Mzigo ukashuka kwenye basi Mokowe, ng'ambo ya bara, na kijana akapiga simu kwamba hapo ndipo "Lamu" ya muuzaji inapoishia, boti ni juu yangu. Nimefungua kikaratasi: ni cha bapa la kutu, nami nilimwandikia mara tatu kwamba nataka lisiloshika kutu. Nilipolalamika akasema visu vyote ni kimoja. Niliuza kile kwa fundi wa mbao wa mtaani kwetu, ambaye ana furaha nacho mpaka leo, na cha pili nikaletewa na shangazi yangu mkononi. Ukiagiza, mwambie muuzaji akupigie picha ya bapa lenyewe, si ya boksi, na mkubaliane nauli mpaka jeti, yaani gati, ya Lamu kabla hujatuma hata senti.

Watu wananiuliza mwanamke na kisu mkobani namtaka nani. Namtaka embe bichi, na kamba za magunia. Wa kupigana naye simtafuti, na askari akiniuliza namjibu hivyohivyo. Na ukisafiri kwa ndege kutoka Manda, kitie kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Nilisahau mara moja. Alinitazama yule dada wa ukaguzi, akaizungusha pete kwa kidole gumba, akafungua, akafunga, akafungua tena. "Kizuri," akasema, na akakitumbukiza ndooni.