Dawa ya kupaka sakafu ya mawe ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ninayoletewa kuhusu sakafu za mawe za zamani yanafanana mno. Fundi amekwangua, amesafisha, amepaka dawa ya kung'aa, watu wamesifu. Baada ya miezi kadhaa jiwe linatoa unga mweupe na dawa inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Mwenye nyumba anamlaumu fundi. Mimi namlaumu aliyeuza lile kopo.

Mng'ao na rangi utachagua mwenyewe. Ninachotaka ukitafute kwenye lebo ni kimoja: je, dawa hii inaruhusu mvuke wa maji kupita? Katika nyumba nyingi kuukuu, mawe yalilazwa juu ya udongo au mchanga bila karatasi ya kuzuia unyevu. Unyevu hupanda na kutokea juu bila mtu kuuona. Ukiufunika kwa utando hauachi kupanda. Unakwama, na chumvi uliyobeba inaganda ndani ya vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya jiwe, na kuumega uso wake.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zizibwe kwa selotepu, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au jiwe limekolea rangi, dawa zote za kukaa juu zifute kwenye orodha yako.

Ya kwanza kwangu ni Lithofin MN Stain-Stop ya Ujerumani, na siombi radhi kwa upendeleo huo. Inazama ndani ya jiwe, inazuia maji na mafuta, haigeuzi sura yake, na mvuke unapita. Ina kero zake: inanuka thina, kwa hiyo fungua madirisha na uzime kila chenye moto. Jiwe liwe limekauka kabisa kabla ya kupaka, na ziada ifutwe ingali mbichi, la sivyo itaacha mabaka yanayonata.

Ya pili ni FILA MP90 ya Italia, ya ukoo huohuo. Kwa marumaru iliyong'arishwa sitagombana na atakayeitanguliza. Ya tatu ni Aqua Mix Sealer's Choice Gold, ambayo msingi wake ni maji. Inawafaa wanaoendelea kuishi humo ukarabati ukiendelea na hawawezi kuvumilia harufu.

Mkiani nimeweka zile za kukaa juu, yaani akriliki na vanishi za poliuretani, hata zile ghali. Mafuta ya kitani nayo hukoleza jiwe na kugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Makopo ya bei ya chini yasiyotaja kilichomo, pita.

Kuhusu sabuni ya kusafishia: marumaru, travatini na mawe ya chokaa huliwa na asidi, hata ya siki au ndimu. Kama hujui jiwe lako, dondosha siki kidogo mahali pasipoonekana. Likitoa povu, dawa yoyote yenye asidi isiingie ndani. Kwa nta kuukuu iliyogandamana napenda FILA PS87, isiyo na asidi, ila isuuze vizuri.

Sasa wauzaji. Ukiuliza habari ya mvuke wanakuonyesha picha ya sakafu inayometa. Ukiomba kopo dogo la kujaribia, eti yamekwisha, yamebaki makubwa tu. Halafu wanakukadiria lita bila hata kuuliza ni jiwe gani, ilhali jiwe la chokaa lenye vinyweleo vingi linakunywa dawa kuliko marumaru iliyosuguliwa ikang'aa. Shikilia kopo dogo. Paka mita moja ya mraba, pima kilichotumika, ndipo upige hesabu ya chumba kizima. Na kopo kubwa usilifungue mpaka uhakikishe muuzaji atalipokea likirudi.