Supaglu au laka kwa kalamu za mbao zenye mafuta

Mpingo, cocobolo (mbao ngumu ya Amerika ya Kati) na ndugu zao wa jenasi ya Dalbergia hupendeza sana zikikerezwa, lakini mafuta yake ya asili huzuia umaliziaji, yaani tabaka la juu la kung'arisha na kulinda mbao, kushika. Uwe na supaglu au laka, kwanza pangusa mbao kwa kitambaa chenye asetoni, kisha paka mara tu asetoni inapokauka. Ukichelewa, mafuta hupanda tena juu.

Mimi napendelea supaglu. Weka matone machache ya ile nyepesi kwenye karatasi laini, uipake mbao mashine ya kukerezea ikizunguka polepole, tabaka jembamba juu ya jingine, na kila moja uliache likauke lenyewe. Dawa ya kuharakisha ukaukaji ikizidi huacha ukungu mweupe, na juu ya mpingo mweusi ukungu huo unaonekana waziwazi. Baadaye sugua kwa maji na pedi za msasa laini, ukipanda hadi namba 12000, umalizie kwa polishi. Unapata mng'ao kama kioo, usiotishwa na jasho la vidole. Kasoro inatokana na ugumu huohuo: kingo huweza kumeguka unaposhindilia vyuma vya kalamu. Mvuke wake nao huwasha macho, kwa hiyo fungua madirisha.

Laka hunyumbulika zaidi, na kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lililotangulia hadi yakaungana. Ila hudai subira ya siku kadhaa kabla ya kusuguliwa, na hukwaruzika mapema. Kwa kalamu ya kuandikia kila siku, nachagua supaglu.