Bagamoyo na shangazi: nyumba ya masista iliyogeuka makumbusho

Misheni ya Bagamoyo nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilipelekwa, mara ya pili nilikwenda mwenyewe.

Kupelekwa ni hivi: kampuni moja ya safari, jina nalihifadhi, ilitutangazia "siku nzima Bagamoyo". Tukalipa, tukabebwa kwenye Coaster toka Dar es Salaam. Misheni tulipewa dakika ishirini. Kijana aliyetuongoza alikuwa anatazama saa kuliko majengo. Huu mnara, hapa alilazwa Livingstone, pigeni picha, twendeni. Mezani hotelini tukakaa saa mbili na nusu tukisubiri samaki. Nikirudi kwenye picha zangu za siku ile, naona mnara mmoja na visogo vya watu kumi na wawili.

Mwaka huu shangazi yangu alikuja kukaa kwangu wiki mbili, nikamwambia twende tena, polepole. Shangazi ni muuguzi mstaafu, na utotoni alisoma bweni kwa masista kule Songea. Tulipanda daladala kituo cha Makumbusho asubuhi mapema, tukapata siti za mbele, tukapita Tegeta, Bunju, Mapinga, na kabla ya saa nne tuko Bagamoyo. Toka stendi tukachukua bajaji. Mnaokwenda na wazee nendeni asubuhi hivyohivyo. Eneo ni kubwa na la kutembea kwa miguu, na jua la pwani saa saba mchana halina adabu.

Kwa ambaye hajafika: mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka toka Zanzibar wakaanza misheni hii mwaka 1868. Mnara ambao kila mtu anaupiga picha ni mabaki ya kanisa lao la kwanza, la mwaka 1872. Kanisa kubwa linalosaliwa leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Katikati kuna nyumba ya mapadre yenye ghorofa na matao, kuna makaburi ya wamisionari, na kuna pango la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1876 kwa mikono ya watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huohuo ndipo ilipojengwa nyumba ya masista, na hiyo ndiyo makumbusho sasa.

Tulianza na mnara, maana ndio uko njiani. Mwongozaji wetu safari hii alikuwa kijana mpole. Alimwamkia shangazi, "Shikamoo mama", akamtafutia kivuli kabla ya kufungua mdomo. Akatusimulia: Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Moyo wake ukazikwa hukohuko chini ya mti. Mwili ukakaushwa, ukafungwa, ukabebwa kwa miguu miezi kama tisa hadi pwani. Ulifika hapa Februari 1874, ukalala kanisani usiku mmoja, kisha ukavushwa Zanzibar na baadaye kuzikwa Westminster Abbey, London.

Shangazi akauliza, "Waliombeba ni kina nani?"

Kijana akafurahi, nadhani si wengi wanaomuuliza. Akawataja Susi na Chuma. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa toka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Akamtaja Jacob Wainwright, aliyechonga maandishi kwenye ule mti wa Chitambo. "Na mwanamke hakuwemo?" Alikuwemo, tena si mmoja, mpishi wa msafara aliitwa Halima. Shangazi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji yake yote.

Mbuyu nao haukwepeki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1895 mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuja kuuguza wagonjwa, alifunga punda wake hapo kwa mnyororo, akausahau. Mti ukanenepa ukaumeza. Kipande kidogo cha chuma bado kinachungulia kwenye gome, kutu tupu, na gome limekikunjia midomo pande zote mbili. Watoto wa shule waliokuwepo siku ile walipanga foleni kukigusa. Nami nilipanga.

Sasa nyumba ya masista. Hapa ndipo nawaomba msikimbie. Kuta ni nene, ndani kuna ubaridi ambao nje hujauona tangu alfajiri. Kuna pingu na minyororo ya watumwa, picha za misheni ya zamani, habari za misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Ujiji na kuishia hapa, na habari za namna mapadre walivyokwenda bara kufungua misheni nyingine. Mimi nilisimama kwenye minyororo, kama wengi. Shangazi alipita hapo bila kusimama, akaenda kuganda mbele ya picha moja ya watoto wa misheni waliopangwa mistari.

"Wamepangwa kwa urefu," akasema. "Na sisi tulipangwa hivyohivyo. Yule wa mwisho pale amekasirika, alitaka kukaa na rafiki yake."

Kuanzia hapo akaacha kuitazama kama makumbusho, akaitazama kama bweni. Jiko lilikuwa wapi? Maji nani alichota? Wagonjwa walitengwa chumba gani? Mwongozaji aliyoyajua aliyajibu, mengine akacheka akasema, "Hilo mama umenipa kazi." Aliyoyajua yalitosha kunishangaza. Masista walikuwa Mabinti wa Maria, shirika lililoanzishwa kisiwani Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kule, na tangu mwanzo lilipokea wanawake waliotoka utumwani sawasawa na weupe. Nilipolisikia hilo nikarudi kwenye ile picha ya watoto nikaitazama upya.

Mapadre mwanzoni waliwanunua watoto sokoni Zanzibar ili kuwatoa utumwani. Soko likafungwa na Sultani Barghash mwaka 1873. Watoto hao wakikua waliozeshwa, wakapewa nyumba na shamba kwenye kijiji cha misheni. Mimi hapo moyo wangu haukutulia. Umekombolewa, ndiyo, lakini kengele inakuamsha, kengele inakulaza, na mume au mke unampata humohumo ndani ya uzio. Nikamwambia shangazi. Akanitazama akasema, "Mwanangu, kengele niliichukia miaka saba. Lakini mtoto asiye na kwao, umpeleke wapi?" Tukabishana kidogo barazani, kwa sauti ya chini. Hatukumaliza.

Jambo jingine la wapenda lugha: Padre Charles Sacleux, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, aliishi kwenye misheni hizi za pwani kuanzia mwaka 1879. Maneno mengi ya zamani ya mabaharia na wavuvi wetu yamesalimika kwa daftari zake. Na ukiwa umeshafika kanisa la Mkunazini, Unguja, utaona undugu. Lile limejengwa juu ya soko la watumwa lenyewe, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, naye mtaalamu wa Kiswahili. Kule kuna nguzo zilizosimikwa juu chini, mafundi wakikosea askofu akiwa safarini, akaamua ziachwe. Mkunazini panakubana kifua. Bagamoyo pana hewa, na kwa mtu wa kwenda naye mzee ningechagua Bagamoyo.

Ya kubeba: maji, kofia, fedha taslimu, na kitambulisho cha Mtanzania. Mwongozaji mpe asante yake mkononi, ameistahili. Ukiweza usiende Jumapili asubuhi kama hukusudii kusali, maana kanisa lile ni parokia hai na watu wako kwenye ibada. Mwisho tembeeni chini ya miembe mpaka baharini, kwenye msalaba. Sisi tulikaa hapo karibu saa nzima, shangazi kavua viatu.

Kwangu ni nyota tano. Ile safari ya Coaster naipa moja, na hiyo ni kwa sababu ya samaki.

Jioni stendi, konda wa daladala ya kurudi Dar alikuwa ananing'inia mlangoni anaita kwa nguvu zote, "Makumbusho! Makumbusho! Mama, Makumbusho?"

Shangazi akanishika mkono. "Mwambie tumeshatoka huko."